Maswali na Majibu: Timu ya Kando ya Ziwa Iliyoshinda Mara 111 na Kukosa Kombe

Katika toleo lililopita, ukurasa wetu wa michezo uligusia kwa mistari michache klabu ya besiboli ya Cleveland, mji wa Marekani ulio kwenye ufuko wa Ziwa Erie, ambayo mwaka 1954 ilishinda mechi 111 kati ya 154 za ligi, kisha ikapoteza mechi zote nne za Fainali Kuu. Mistari hiyo imetuletea barua kutoka Mwanza mjini, visiwani na ng'ambo ya ziwa. Besiboli haichezwi Kirumba wala Nyamagana, lakini maswali yaliyoulizwa ni ya mtu yeyote aliyewahi kuipenda timu, kwa hiyo safu nzima ya leo tunaitoa kwa msimu huo mmoja.

Ndugu Mhariri, mimi ni shabiki wa Pamba tangu enzi za TP Lindanda. Huku kwetu anayeongoza ligi ndiye bingwa na mjadala umekwisha. Iweje timu ishinde mechi 111 halafu iambiwe haina kombe? Na mechi 154 zinaenea vipi katika mwaka mmoja?
*Msomaji wa Mabatini, Mwanza*

Ndugu yetu wa Mabatini, mshangao wako una msingi. Wakati huo Marekani ilikuwa na ligi kuu mbili za besiboli ya kulipwa zenye hadhi sawa, Ligi ya Amerika na Ligi ya Taifa, kila moja ikiwa na timu nane. Ndani ya ligi, kila timu ilikutana na kila mpinzani wake mara 22, na mara 22 kwa wapinzani saba ndizo hizo mechi 154. Zilianza katikati ya Aprili na kumalizika mwishoni mwa Septemba, zikichezwa karibu kila siku, na siku nyingine mbili kwa kiingilio kimoja. Ligi Kuu yetu yenye timu 16 humpa kila mmoja mechi 30, kwa hiyo mchezaji wa Cleveland alicheza katika miezi mitano na nusu mechi ambazo mchezaji wa Pamba angezimaliza kwa zaidi ya misimu mitano.

Timu za ligi moja hazikukutana na za ligi nyingine katika mashindano rasmi mpaka msimu ulipokwisha. Hapo vinara wawili walipambana katika Fainali Kuu, na wa kwanza kufikisha ushindi wa mechi nne alichukua kombe. Cleveland, basi, ilikuwa bingwa halali wa Ligi ya Amerika, na hadhi hiyo haikuondolewa na yeyote. Ilichokosa ni ubingwa wa nchi nzima, na kwa Wamarekani huo ndio unaokumbukwa.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: mrushaji hurusha mpira, mpigaji wa timu pinzani hujaribu kuupiga kwa gongo, na akifanikiwa hukimbia kupitia vituo vitatu hadi arudi alipoanzia, ndipo timu yake inapohesabiwa mkimbio mmoja. Kila timu hupewa zamu ya kupiga katika vipindi tisa, na zamu hukoma wapigaji watatu wanapotolewa. Mpira uliopigwa hewani na kudakwa kabla ya kugusa ardhi humtoa mpigaji. Mpira uliovuka ukuta wa uwanja humpa mpigaji, na wenzake wote walioko vituoni, mkimbio bila kubughudhiwa.

Ukitaka kuupata uchungu wa watu wa Cleveland kwa lugha ya soka, kumbuka mwaka huo huo wa 1954, tarehe 4 Julai, Hungaria, iliyokuwa haijafungwa tangu 1950 na iliyokuwa imeifunga Ujerumani Magharibi mabao 8 kwa 3 katika hatua ya makundi, ilipofungwa na Wajerumani hao hao 3 kwa 2 katika fainali ya Kombe la Dunia. Siku tatu baadaye, hapa kwetu, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wa mambo.

Mhariri, mimi hufundisha hisabati. Timu inayoshinda asilimia 72 ya mechi zake haitegemewi kupoteza nne mfululizo. Je, kulikuwa na hila, au hizo 111 zilikuwa za kuokoteza?
*Mwalimu wa sekondari, Sengerema*

Mwalimu, barua yako ndiyo iliyotufurahisha kuliko zote, kwa sababu jibu limo ndani ya takwimu zenyewe na halihitaji hila ya mtu.

Tukienda kwa wastani wa msimu, uwezekano wa Cleveland kupoteza mechi yoyote ulikuwa 0.279. Ukizidisha namba hiyo kwa yenyewe mara nne unapata takriban 0.006, maana yake mara sita katika elfu. Hapo ndipo wengi huishia na kupiga yowe la muujiza. Lakini hebu tuzichambue hizo mechi 154 kwa mpinzani mmoja mmoja. Dhidi ya Boston, Cleveland ilishinda 20 na kupoteza 2. Dhidi ya Baltimore, 19 kwa 3. Philadelphia na Washington kila mmoja alipigwa 18 na kuambulia 4. Detroit ilijitutumua kidogo, 14 kwa 8. Jumla yake ni ushindi 89 dhidi ya timu tano, na zote tano zilimaliza msimu zikiwa zimepoteza mechi nyingi kuliko zilizoshinda.

Zinabaki timu mbili zilizokuwa imara kweli: New York Yankees, waliomaliza na ushindi 103, na Chicago White Sox, waliomaliza na 94. Dhidi ya Yankees matokeo yalikuwa 11 kwa 11. Dhidi ya White Sox yalikuwa 11 kwa 11. Timu iliyowachakaza wanyonge kuliko timu yoyote ya wakati wake ilipokutana na wenye nguvu ilikuwa sawa nao, si zaidi.

Sasa New York Giants, waliokutana nao katika Fainali Kuu, walikuwa wameshinda mechi 97 katika Ligi ya Taifa. Tukiwaweka katika kundi la wenye nguvu, uwezekano wa kila mechi unakuwa nusu kwa nusu, na nusu ukiizidisha mara nne ni moja ya kumi na sita, yaani zaidi ya mara sitini katika elfu. Hilo ni jambo lisilotokea kila mwaka, lakini si muujiza. Hesabu hii inachukulia kwamba mechi moja haiathiri nyingine, na wewe Mwalimu unajua kuwa wachezaji wana hofu na uchovu, kwa hiyo ichukue kama kipimo cha makadirio tu.

Hata hivyo tusizidharau zile 89. Timu nyingi kubwa huteleza kwa wadogo kwa sababu ya uvivu, na Yankees, ambao walikuwa wamechukua kombe miaka mitano mfululizo, kuanzia 1949 hadi 1953, walijikuta wameshinda mechi 103 na bado wako nyuma kwa nane. Kocha wao, Casey Stengel, hakuwahi kushinda mechi nyingi kiasi hicho katika msimu mwingine wowote akiwa na Yankees, na bado msimu huo alikosa taji la ligi.

Shikamoo Mhariri. Nimeona kwenye simu picha ya zamani ya mchezaji anayekimbia akiwa ameupa mpira mgongo kisha anaudaka. Nimeambiwa ndiye aliyeiua Cleveland. Ni kweli?
*Kijana wa Igoma, Mwanza*

Marahaba, kijana. Huyo ni Willie Mays wa New York Giants, na ulichokiona kilitokea tarehe 29 Septemba 1954 katika mechi ya kwanza ya Fainali Kuu, kwenye uwanja wa Polo Grounds, New York. Mays alikuwa ametoka jeshini mwaka huo na tayari alikuwa amechaguliwa na watu wengi mioyoni mwao kuwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, tuzo ambayo aliipata kweli baada ya msimu.

Matokeo yalikuwa 2 kwa 2, kipindi cha nane, Cleveland wakipiga. Larry Doby alikuwa kituo cha pili, Al Rosen kituo cha kwanza, na hakuna aliyekuwa ametolewa. Giants wakamwingiza mrushaji mpya, Don Liddle, ili akabiliane na Vic Wertz, ambaye siku hiyo alikuwa hashikiki. Wertz akaupiga mpira kuelekea sehemu ya kati ya uwanja, mbali sana, takriban mita 128, yaani zaidi ya urefu wote wa uwanja wa mpira wa miguu. Mays aligeuka, akakimbia akiwa amewapa mgongo wapigaji, akaudaka mpira ukimshukia juu ya bega, kisha akazunguka na kuurusha kwa nguvu hata Doby akaweza kufika kituo cha tatu tu, na Rosen akabaki pale pale cha kwanza.

Lilikuwa tendo la ajabu, na sina nia ya kulipunguzia sifa. Lakini wanaosema ndilo lililoiua Cleveland huwa hawaendelei kuhadithia yaliyofuata. Baada ya kudaka kule, Cleveland bado walikuwa na watu wawili vituoni na ni mtu mmoja tu aliyekwisha kutolewa. Mpigaji aliyefuata akapewa kituo bure, vituo vyote vitatu vikajaa. Mkimbio mmoja tu ungetosha kuongoza. Dave Pope akatolewa bila kuugusa mpira, Jim Hegan akapiga mpira uliodakwa, na kipindi kikaisha patupu. Mays hakuwazuia hao wawili.

Vipindi tisa viliisha matokeo yakiwa bado 2 kwa 2, mchezo ukaendelea. Kisha likaja la kipindi cha kumi, ambalo kwangu ni la kikatili zaidi. Polo Grounds ulikuwa uwanja wa umbo la ajabu: ukuta wa katikati ulikuwa zaidi ya mita 140 kutoka kwa mpigaji, lakini ule wa pembeni kulia haukufika mita 80. Dusty Rhodes, mchezaji wa akiba wa Giants, aliingia kumpokea mwenzake, akaupiga mpira wa juu, usio na nguvu ya kutisha, ukaelea ukifuata mstari wa kulia na kuangukia nyuma ya ukuta huo wa karibu. Wenzake wawili walikuwa vituoni, na mechi ikaisha 5 kwa 2. Mpira wa mita 128 ulimtoa mpigaji, na mpira uliozidi kidogo tu mita 79 ulileta mikimbio mitatu. Katika viwanja vingine vingi matokeo hayo mawili yangepinduka.

Mhariri, nafundisha timu ya mtaa. Nauliza la kocha: alikosea wapi?
*Kocha wa Musoma*

Kocha mwenzako aliitwa Al López, na kabla ya kumlaumu inafaa tujue alikotoka. Alimaliza wa pili nyuma ya Yankees mwaka 1951, akamaliza wa pili 1952, akamaliza wa pili 1953. Kuanzia 1949 hadi 1964 Yankees walikosa taji la Ligi ya Amerika mara mbili tu, na mara zote mbili aliyewanyang'anya alikuwa López: 1954 akiwa na Cleveland na 1959 akiwa na Chicago. Huyo si kocha wa kubahatisha.

Nguvu yake mwaka 1954 ilikuwa wingi wa warushaji. Mkono wa mrushaji huchoka, na baada ya mechi nzima huhitaji siku kadhaa za kupumzika, kwa hiyo timu yenye mrushaji mmoja hodari hushinda siku moja na kuteseka tatu. López alikuwa na Bob Lemon aliyeshinda 23 na kupoteza 7, Early Wynn 23 kwa 11, Mike Garcia 19 kwa 8, Art Houtteman 15 kwa 7, na mkongwe Bob Feller, mwenye umri wa miaka 35, aliyeshinda 13 na kupoteza 3 tu. Kwa Boston na Baltimore, ambao walileta mrushaji wao wa nne siku ya nne, hilo lilikuwa gharika. Lakini Fainali Kuu ilichezwa siku nne mfululizo, tarehe 29 Septemba hadi 2 Oktoba, na katika siku nne kila timu huweza kutumia walio bora wake. Utajiri wa ghala haukuwa na kazi kubwa tena.

Pale López anapoweza kuulizwa ni mechi ya nne. Lemon alikuwa amerusha hadi kipindi cha kumi katika mechi ya kwanza, naye akarudishwa baada ya siku mbili tu za mapumziko, na Giants wakafikisha mikimbio saba kabla Cleveland hawajapata hata mmoja. Feller hakurusha mpira hata mmoja katika fainali nzima. Mimi ningempa nafasi, kama heshima na kama mkono uliopumzika, ingawa sidhani ingebadilisha kitu, kwa kuwa maradhi yenyewe yalikuwa kwa wapigaji. Bobby Avila, Mmeksiko aliyekuwa mpigaji bora wa Ligi ya Amerika kwa kufanikiwa mara 34 katika kila majaribio 100, alifanikiwa mara 2 katika 15. Doby, 2 katika 16. Wertz peke yake alifanikiwa 8 katika 16. Timu nzima ilipata mapigo 19 katika kila majaribio 100, na kwa kiwango hicho hakuna kocha anayeokoa jahazi. Matokeo yalikuwa 5 kwa 2, 3 kwa 1, 6 kwa 2 na 7 kwa 4.

Mhariri mpendwa, umemtaja Larry Doby. Mwanangu ameniambia alikuwa mweusi, na kwamba miaka hiyo weusi hawakuruhusiwa. Naomba ufafanuzi.
*Mama wa Bukoba*

Mama, mwanao amesema kweli. Kwa zaidi ya miaka 60 wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu hizo mbili, wakawa na ligi zao wenyewe. Jackie Robinson aliuvunja mwiko huo tarehe 15 Aprili 1947 akiwa na Brooklyn katika Ligi ya Taifa, na wiki 11 baadaye, tarehe 5 Julai, Doby akawa mweusi wa kwanza katika Ligi ya Amerika. Robinson alipewa mwaka mzima wa matayarisho katika timu ya chini. Doby alitolewa Newark, ambako mwaka uliotangulia alikuwa bingwa wa ligi za weusi, akaingizwa uwanjani Chicago karibu papo hapo. Wakati wa mazoezi ya kabla ya msimu huko Tucson, Arizona, hoteli waliyolala wenzake haikumpokea, akawa analala katika nyumba ya familia moja mjini humo.

Mwaka 1948 alikuwa nguzo ya timu ya Cleveland iliyochukua kombe, pamoja na mrushaji mkongwe Satchel Paige, aliyeajiriwa akiwa na miaka 42. Kufikia 1954 Doby hakuwa tena mweusi pekee katika orodha, kwani Al Smith na Dave Pope walikuwamo. Smith aliupiga mpira wa kwanza kabisa wa mechi ya pili ya fainali ukavuka ukuta, na huo ndio mkimbio pekee walioupata siku hiyo. Doby mwenyewe aliongoza ligi nzima kwa mipira iliyovuka ukuta, 32, na kwa mikimbio iliyotokana na mapigo yake, 126. Katika kura ya mchezaji bora wa ligi alikuwa wa pili nyuma ya Yogi Berra wa Yankees, timu iliyomaliza nyuma yao kwa mechi nane. Kwa maoni yangu kura hiyo ilikwenda kusikostahili. Doby aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli mwaka 1998, miaka 51 baada ya siku ile ya Chicago.

Mimi ni mvuvi mstaafu. Uwanja ulio ziwani, upepo hauwi shida?
*Mzee wa Kayenze*

Shikamoo, Mzee. Ziwa Erie ni dogo kuliko Victoria, halifiki hata nusu yake, lakini linajua kuvuma. Uwanja wa Cleveland ulifunguliwa 1931 ukiwa ukingoni kabisa mwa maji, na baridi ya jioni ilikuwa maarufu. Ukubwa wake ndio uliotisha zaidi. Tarehe 12 Septemba 1954, Yankees walipokuja kucheza mechi mbili kwa siku moja, waliingia watu 86,563. Cleveland walishinda zote, 4 kwa 1 na 3 kwa 2, na siku sita baadaye wakatawazwa mabingwa wa ligi wakiwa Detroit. Fainali ilipohamia hapo, walikuja zaidi ya 71,000 siku ya kwanza na zaidi ya 78,000 siku ya pili, wakaona mechi mbili zikipotea.

Je, kuna aliyewahi kuifikia rekodi hiyo?
*Msomaji wa Nansio, Ukerewe*

Kwa idadi ya ushindi, ndiyo. Ligi ya Amerika ilianza kucheza mechi 162 mwaka 1961. Yankees walishinda 114 mwaka 1998 na wakachukua kombe, kisha Seattle wakashinda 116 mwaka 2001 na hata Fainali Kuu hawakufika. Kwa asilimia, hakuna aliyeipita Cleveland katika Ligi ya Amerika, kwa kuwa 111 katika 154 ni zaidi ya 72 katika kila 100. Klabu hiyo bado ipo, siku hizi ikiitwa Cleveland Guardians, na kombe lake la mwisho ni lile la 1948.